Kompyuta Isiyo na Feni Kando ya Ziwa: Ununue Ipi na Uifunge Vipi

Swali: "Ninasimamia kituo kidogo cha kupokea samaki nje kidogo ya jiji la Mwanza, hatua chache kutoka majini. Sangara wanapimwa kwa mizani ya kielektroniki yenye tundu la waya kwa nyuma, kisha wanaingia kwenye vyumba viwili vya ubaridi ambavyo joto lake tunaliandika daftarini kila saa. Ndani ya mwaka mmoja kompyuta yetu ya mezani imekufa mara mbili. Mara ya mwisho fundi aliifungua akakuta wadudu wa ziwani wamejaa kwenye feni na ubao wake umeota rangi ya kijani. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue kompyuta ndogo ya viwandani isiyo na feni, yenye prosesa ya i7 na RAM ya GB 16, kwa bei inayokaribia mara tatu ya ile iliyokufa. Anasema hewa ya ziwa ina chumvi inayokula vyuma, na kwamba kifaa chake hakipitishi maji wala vumbi. Jirani yangu naye anasema niweke kompyuta ya kawaida ndani ya chumba cha ubaridi na tatizo la joto litakwisha. Nimfuate nani? Na nikinunua, niifunge vipi ili idumu na isome mizani yenyewe hata umeme ukikatika?"

Jibu: Nikisoma swali lako naona kwamba bei inakuumiza kichwa, lakini kinachokutia hofu zaidi ni kulipa mara tatu kwa kifaa ambacho nacho kitakufa kabla ya mwaka kuisha. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kompyuta ya viwandani iliyofungwa vibaya hufa kama nyingine yoyote, na nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hazina cha kiwandani zaidi ya rangi nyeusi na mapezi ya alumini mgongoni. Muuzaji wako yuko sahihi kuhusu umbo la kifaa, lakini sifa anazokutajia kwa msisitizo ndizo usizozihitaji, na zile zitakazokuokoa hajazigusa. Jirani yako usimfuate kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Tuangalie kwanza kilichoziua hizo mbili. Feni ya kompyuta haitengenezi ubaridi. Inavuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye vipande vya chuma vilivyokaa juu ya prosesa, ili hewa hiyo iondoke na joto. Hewa ya kituo chako jioni imebeba wale wadudu wadogo wanaotanda juu ya ziwa kama moshi na kufuata taa popote zilipo. Wakishavutwa ndani wananasa kwenye mapezi, njia ya hewa inaziba, prosesa inapata moto, na kompyuta inapohisi moto huo inaizungusha feni kwa kasi zaidi, yaani inavuta wadudu wengi zaidi kuliko mwanzo. Mizoga hiyo ikikaa siku kadhaa inashika unyevu na kuufikisha pale ambapo unyevu haukutakiwa kufika.

Rangi ya kijani aliyoiona fundi ni shaba iliyoliwa. Kwenye ubao wa kompyuta kuna njia nyembamba za shaba zilizopangwa karibu karibu, nyingine zikiwa na volti 12 na nyingine hazina kitu. Utando mwembamba wa maji ukilala kati ya njia mbili za namna hiyo, na maji hayo yakiwa na uchafu unaopitisha umeme, shaba inaanza kuyeyuka upande wa chanya na kujijenga upya upande wa hasi kama uzi unaokua kuelekea chanya, hadi siku uzi huo unapogusa na kompyuta inazima moja kwa moja. Kazi hiyo huendelea muda wote umeme unapokuwa umewashwa, hata kama hakuna mtu anayeitumia mashine. Ndiyo maana kompyuta ya kituoni kwako huharibika haraka kuliko kompyuta ya ofisini mjini iliyotoka katoni moja nayo.

Kuhusu chumvi, muuzaji amekuletea habari za Tanga na Dar es Salaam. Ziwa Victoria ni la maji yasiyo na chumvi, na upepo wake hauwezi kufanya kazi ya upepo wa Bahari ya Hindi. Uchafu unaopitisha umeme katika kituo cha samaki hutoka kwenu wenyewe: utelezi na damu ya samaki inayorukia kila mahali, klorini ya kuoshea sakafu, na mvuke wa maji ya barafu. Nakubali hali moja tu ambayo muuzaji angekuwa na hoja, nayo ni kama ukuta unaofuata kuna watu wanaotia chumvi na kufunga kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kwa sababu vumbi la chumvi ile husafiri na upepo na hunyonya unyevu popote linapotua. Kama wapo, usiweke kompyuta upande wao.

Sasa lile la kutopitisha maji wala vumbi. Muulize muuzaji namba ya IP ya kifaa chake, si ile ya mtandao bali ile ya kinga dhidi ya vumbi na maji, na usikubali jibu la maneno. Namba hiyo ina tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vitu vigumu, kuanzia 0 hadi 6, na ya pili ni ya maji. Kompyuta nyingi ndogo zisizo na feni ni IP30 au IP40, maana yake zinazuia kitu chenye unene wa milimita 2.5 au milimita 1, na kwa upande wa maji hazina kinga yoyote. IP40 inawazuia wengi wa wadudu wa ziwani wasiingie, jambo ambalo ni nusu ya shida yako, lakini mpira wa maji wa kuoshea sakafu ukipita juu yake mara moja tu, umeipoteza. Zipo za IP65 zinazostahimili maji ya kurushwa, na matundu yake yote hutumia viunganishi vya kukazwa kwa kuzungusha, ila bei yake inapanda tena na kebo zake hazipatikani kirahisi. Kwa kituo cha ukubwa wenu ningechukua ya IP40 na kuiweka ndani ya boksi, nitakavyoeleza mbele.

Chumba cha ubaridi ndicho mahali pabaya kuliko pote ambapo kompyuta ingeweza kukaa. Hewa ya mle ni baridi na imejaa unyevu, na kila mlango unapofunguliwa hewa ya joto ya nje inaingia na kuacha matone juu ya kila kilicho baridi. Kompyuta inayofanya kazi huwa na joto kuliko hewa iliyoizunguka, kwa hiyo ikiwa imewashwa inaweza kukaa mle wiki nzima bila kulowa. Umeme ukikatika inapoa mpaka kulingana na chumba, wafanyakazi wanafungua mlango kuokoa mzigo, matone yanaganda juu ya ubao, halafu umeme unarudi na kuikuta kompyuta ikiwa na maji ndani. Ukisoma karatasi ya sifa utaona imeandikwa kwamba inastahimili unyevu wa asilimia 5 hadi 95, na mbele yake kuna maneno yanayosema sharti unyevu huo usigande kuwa matone. Ndani ya chumba cha ubaridi viingie vihisi joto peke yake, na kebo zake.

Tuje kwenye sifa, na hapa nitakaa kidogo kwenye prosesa kwa sababu ndipo fedha zako zinapotaka kupotelea. Kazi uliyoieleza ni kupokea mstari mmoja wa maandishi kutoka kwenye mizani kila samaki anapopimwa, kusoma vihisi viwili, kuhifadhi na labda kuchapa risiti. Tuseme mnapima mara 1,000 kwa siku na kila rekodi inachukua baiti 200. Kwa mwaka mzima haifiki MB 80, yaani pungufu ya video fupi za harusi zilizojaa kwenye simu za vijana wako. Kazi hiyo haihitaji i7. Zaidi ya hayo, i7 ni jina la familia ya prosesa za Intel lililoanza mwaka 2008, na peke yake halikuambii chochote. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba inayofuata baada ya i7. Akikuonyesha kwa mfano 4500U, hiyo ni prosesa ya mwaka 2013 yenye viini viwili tu na inakula wati 15, na haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Prosesa ndogo ya Intel N100 iliyotoka mwaka 2023 ina viini vinne, Intel inaihesabu kwa wati 6, na kazi yako itaifanya huku ikipumzika. Na kama i7 yake ni mpya kweli, basi inazalisha joto kubwa zaidi ambalo mapezi ya alumini pekee lazima yaliondoe. Yakishindwa, prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na kasi uliyoilipia inabaki kwenye karatasi.

Katika mashine isiyo na feni mfuniko wenyewe ndio kipozeo. Prosesa imebanwa kwenye alumini kwa kipande laini kinachopitisha joto, na mapezi ya nje yanalitoa joto hilo hewani. Kwa hiyo kila wati unayoiepuka kwenye prosesa ni nyuzi joto unazoziepuka kwenye diski na kwenye vifaa vidogo vya ubao, ambavyo ndivyo hufa kwanza.

RAM ya GB 8 inatosha kwa Windows na programu moja ya mizani. GB 16 inunue tu kama unakusudia kuunganisha kamera.

Kwenye diski usibane matumizi. Epuka kompyuta ambayo hifadhi yake ni eMMC, yaani chipu ya kumbukumbu, ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao: Windows na masasisho yake itaijaza, na ikichoka haibadilishwi, unatupa ubao mzima. Chukua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya kuchomoa, ya GB 128 au 256, iliyoandikwa kwamba inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu ya sifuri. SSD za kawaida huandikwa 0 hadi 70. Hapa wauzaji wana ujanja wao, kwa sababu karatasi ya kompyuta inaweza kusema inastahimili joto la hewa la nyuzi 60, kumbe kwa maandishi madogo imeongezwa kwamba ni kwa diski ya aina hiyo na kwa sharti la hewa inayopita juu ya mapezi. Soma maandishi madogo. Kuna SSD zenye akiba ya umeme ndani yake ya kumalizia kuandika pale umeme unapokatika ghafla. Ukiipata kwa nyongeza ndogo, ongeza.

Sifa ambayo muuzaji hakuigusa, na ambayo mimi ningeiuliza kabla ya zote, ni umeme unaoingia. Zipo kompyuta zinazotaka volti 12 kamili kutoka kwenye adapta yake, na zipo zinazopokea volti 9 hadi 36 kupitia kiunganishi cha kukaza kwa skrubu. Chukua hizo za pili. Betri inayoitwa ya volti 12 inashuka hadi karibu 10.5 inapokwisha na kupanda kupita 14 inapochajiwa. Kompyuta ya volti 12 kamili inaweza kuzima kwenye mwisho mmoja na kuungua kwenye mwingine, wakati ya volti 9 hadi 36 haitahisi kitu.

Ya pili kuuliza ni matundu. Tundu la nyuma ya mizani yako, kama lina pini 9, karibu kwa hakika ni la siriali, yaani la kutuma data kwa mfuatano kwenye waya mmoja, aina ya RS-232. Kompyuta iwe na matundu mawili ya aina hiyo yaliyo kwenye ubao wake wenyewe, na moja liweze kubadilishwa kuwa RS-485, aina ya siriali inayofika mbali zaidi, kwa ajili ya vihisi. Usitegemee kale kawaya ka kugeuza USB kuwa siriali: kanafanya kazi vizuri mezani, ila ukikachomoa na kukachomeka tundu jingine namba yake inabadilika, na karani asubuhi anakuta programu haioni mizani. Matundu mawili ya mtandao na tundu la HDMI utayakuta karibu kwenye zote.

Nitaje pia njia nyingine kwa haki yake. Kompyuta mpakato iliyotumika ina betri yake ndani, jambo zuri, lakini ina feni ileile iliyowaua wenzake, na betri inayokaa kwenye chaji mwaka mzima kwenye joto huvimba. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ni nafuu na hula umeme kidogo. Kwa kusoma vihisi joto peke yake ningeikubali, lakini kwa mizani inayohesabu fedha za wavuvi sipendi kadi ndogo ya kumbukumbu inayoharibika umeme ukikatika wakati inaandika. Na kama fedha haitoshi kabisa mwaka huu, njia inayokubalika ni kuiondoa kompyuta ya kawaida kwenye chumba cha mizani na kuipeleka ofisini kwenye mlango unaofungwa, kisha kuvuta kebo ya mizani hadi huko. RS-232 inakubali takribani mita 15. Ukizidi hapo weka vigeuzi viwili vya kuipeleka kwa RS-485, ambayo kwa kebo nzuri ya nyuzi zilizosokotwa inaweza kwenda hadi mita 1,200. Kuhamisha peke yake kutaongeza umri wa mashine kuliko i7.

Tukichukulia umenunua, boksi liwe la chuma, la IP65, lenye rangi nyepesi, na lifungwe ukutani kivulini, juu kuliko maji ya kuoshea yanakofika, na mbali na taa ya usiku inayoita wadudu. Watu huogopa kuifungia kompyuta ndani ya boksi lisilo na tundu, lakini hesabu inaonyesha vinginevyo. Boksi la sentimita 40 kwa 40 lenye kina cha sentimita 20, likiwa na mzigo wa wati 23 ndani (kompyuta na ruta), hupandisha joto la ndani kwa nyuzi 8 hadi 10 juu ya hewa ya nje. Mchana wa Mwanza mara nyingi ni nyuzi 28 hadi 30, kwa hiyo ndani itakuwa karibu 40, na kompyuta ya namna hii inavumilia. Juani hesabu hiyo haifai tena. Mapezi yasimame wima ili hewa ya moto ipande katikati yake, na uache nafasi ya kiganja kila upande. Kebo ziingilie chini, kila moja kupitia glendi yake ya kukaza, yaani kizibo kinachoibana kebo tunduni, na kabla ya kuingia ishuke chini ya tundu kisha ipande, ili maji yanayofuata kebo yadondokee hapo. Usisahau kwamba boksi la chuma linazuia Wi-Fi na mtandao wa simu. Kama ruta imo ndani, antena yake lazima itoke nje.

Betri isikae ndani ya boksi hilo. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na kuifungia pamoja na vifaa vya umeme ni kujitafutia mlipuko. Iwe nje kwenye sanduku lenye matundu, na fyuzi ya ampea 5 iwekwe kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri. Mpangilio wenyewe ni rahisi: umeme wa ukutani unaingia kwenye chaja, chaja inalisha betri, na kompyuta inakula kutoka kwenye betri muda wote, iwe umeme upo au haupo. Namna hii unaondoa UPS ya kawaida, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, inayogeuza umeme mara mbili na kupoteza sehemu yake njiani. Kompyuta ya wati 15 na ruta ya wati 8 ni wati 23; betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, una saa 12 hivi. Skrini haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo izimwe umeme ukikatika. Mizani nyingi za aina hii zina betri yake ndani. Hakikisha yako haijachoka.

Radi nayo usiidharau, maana mvua za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri wakati hakuna mtu wa kuchomoa chochote. Boksi liunganishwe na waya wa eathi ulio mzima, kifaa cha kukinga mapigo ya umeme kiwekwe kwenye ubao mkuu wa umeme, na kama kuna kebo ya mtandao inayotoka jengo moja kwenda jingine kupitia nje, ibadilishe iwe ya nyuzi za kioo au tumia redio. Waya mrefu wa shaba kati ya majengo mawili hupokea mapigo hata radi ikipiga mbali, na tundu la kompyuta ndilo linalolipa.

Kabla hujaifunga ukutani, iweke mezani na uiandae hapo. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoanza kabla ya mfumo endeshi, tafuta mstari unaoandikwa "Restore on AC Power Loss" au maneno yanayofanana nayo, na uchague "Power On". Mstari huo mmoja ndio utakaoifanya kompyuta ijiwashe yenyewe baada ya kukosa umeme, na mafundi wengi huuacha ulivyotoka kiwandani, ambapo mara nyingi kompyuta hubaki imezima hadi mtu abonyeze. Kama kuna kipima muda cha ulinzi, kile kinachoiwasha upya mashine iliyoganda, kiwezeshe. Kwa mfumo endeshi, Windows 10 ya kawaida iliacha kupata matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine iliyokwama huko. Kama programu yako ya mizani inafanya kazi kwenye Linux, itakuwa nyepesi zaidi na haitakulazimisha kuwasha upya katikati ya zamu.

Kuunganisha mizani kunataka uvumilivu zaidi ya utaalamu. Kwanza jua kama tundu la kompyuta ni zima: ondoa kebo, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, fungua programu ya kusoma siriali na uandike herufi, zikirudi kwenye skrini, tundu linafanya kazi. Kisha fungua menyu ya mizani uone kasi ya mawasiliano, ambayo mara nyingi ni 9600, na uiweke hivyohivyo kwenye kompyuta. Zikitoka alama zisizosomeka, kasi hazilingani. Isipotoka kitu chochote, kebo huenda inataka pini ya 2 na ya 3 zibadilishane upande mmoja. Ikikaa sawa utaona mistari kama "ST,GS,+ 25.40kg", na hapo zitazame zile herufi mbili za mwanzo: ST maana yake uzito umetulia, US maana yake bado unacheza. Programu ipokee ST tu. Nimeona vituo ambavyo malalamiko ya wavuvi kuhusu kilo yaliisha siku programu ilipozuiwa kupokea US, kwa sababu sangara aliye hai bado hupiga mkia juu ya sahani na namba huyumba.

Rekodi zihifadhiwe kwanza kwenye diski ya hapohapo, kisha zitumwe mtandaoni intaneti inapokuwepo, na programu ijiwashe yenyewe bila karani kuingiza nywila. Vihisi joto vipime usahihi wake kwa maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, ambapo vinapaswa kusoma sifuri. Msitumie maji yanayochemka kama kipimo cha nyuzi 100. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo mtakikataa kihisi kizima bila kosa. Mashine iendeshe mezani siku kadhaa ukiwa unaizima na kuiwasha kwenye swichi ya ukutani kwa makusudi. Ikizinduka kila mara na kuendelea kusoma, ifunge. Nakala nzima ya diski iweke kwenye diski nyingine kabatini, ili siku diski ikifa kazi iwe ya kubadilisha tu.

Kuna mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma jibu langu. Kazi ya eathi, kinga ya radi na ubao mkuu wa umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na umwombe apime kama kituo kina kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Sakafu yenu ina maji kutwa. Karani akisema mwili wa kompyuta au mizani unamtekenya akiugusa, zima umeme kwenye swichi kuu siku hiyohiyo, usingoje aeleze mara ya pili. Na mizani yenyewe isifunguliwe. Ina lakiri ya Wakala wa Vipimo, na fundi wa kompyuta akiifungua ili achomelee waya ndani, lakiri ikivunjika mizani haifai kwa biashara hadi ikaguliwe upya, hata kama inapima sawasawa. Kama tundu la nyuma halitoi kitu, mwite anayetengeneza mizani kwa kibali chao.

Kabla ya kumlipa muuzaji, piga picha ya nyuma ya mizani na ya kile kibandiko chenye namba ya modeli, umpelekee pamoja na maswali haya: prosesa namba gani kamili, volti zinazoingia ni ngapi hadi ngapi, matundu ya siriali ni mangapi, na diski inachomolewa au imechomelewa. Akijibu manne hayo kwa maandishi, una mtu wa kufanya naye biashara. Akirudi tena kwenye i7, tafuta mwingine.